Boliti ya Tatu

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, Jumanne tarehe 8 Machi 1994, kipimo cha asidi kilionyesha 1.13 katika betri ya kwanza. Ombui, fundi wa hospitali ya misheni mjini Homa Bay, alipima zote sita na kuandika. Hakuna iliyofika 1.15; betri iliyojaa husoma kama 1.26. Betri iliyoisha kiasi hicho ikiachwa wiki chache hufa, na hizi zilikuwa zimeachwa siku kumi na moja.

Zilikuwa za kigari cha umeme kilicholetwa na wafadhili mwezi Januari, cha kupandisha wagonjwa kutoka chumba cha upasuaji hadi wodini, mita mia tatu za mlima. Chaja yake ilitengenezwa kwa umeme wa volti 110. Betri zilipoisha mara ya kwanza, Ombui aliichomeka kwenye soketi ya volti 240 bila kusoma kibandiko. Ilifuka moshi kwa sekunde nne, ikazimika. Tangu hapo wagonjwa walipandishwa kwa machela, na mama mmoja mshono ulimfumuka njiani.

Metroni Bathsheba hakumgombeza. "Kisipotembea kufikia Ijumaa," alisema, "nitakitoa betri kisukumwe kwa mikono. Na wewe utarudi kukata nyasi kwa panga."

Siku hiyohiyo Ombui alikwenda Migori. Nyuma ya soko, Rispa Akoth alikuwa na kibanda cha kuchaji betri ambazo watu walileta kutoka nyumba zisizo na umeme, za redio na televisheni. Zaidi ya arobaini zilipangwa sakafuni, kila moja na jina la mwenyewe kwa chaki. Alimsikiliza Ombui akieleza habari ya chaja, huku akiendelea kuzijaza maji.

"Kwa hivyo ni wewe uliichoma."

"Ni mimi, mama."

"Vizuri. Wengine huniambia ni radi." Alifunga kifuniko cha mwisho. "Umeme wenu ni volti ngapi?"

"Mia mbili arobaini."

"Umepima ama umesoma?"

"Imeandikwa kwenye mita ya ukutani."

Ombui alikuwa amesomea umeme chuoni miaka miwili. Swali lile hakuwahi kuulizwa.

Alikaa Migori siku mbili, akimshikia waya. Rispa alichukua transfoma ya mashine mbovu ya kuchomelea vyuma, akafungua koili moja, akaisuka upya kwa waya mnene wa shaba, akihesabu mizunguko kwa Dholuo. Aliyemsalimu katikati ya hesabu hakujibiwa. Kila tabaka alilitenga na lingine kwa kitambaa kilichopakwa vanishi. Dayodi, zinazopitisha umeme upande mmoja tu, alizitoa kwenye alteneta za malori, akazipachika kwenye mabamba ya alumini ili zisichemke, kisha akaziwekea feni. Alhamisi jioni chaja mpya ilikuwa tayari, na waya wa koili ulitokeza kwenye boliti tatu, zilizoandikwa moja, mbili, tatu.

"Mbona tatu?" Ombui aliuliza.

"Ya kwanza ni ya umeme ulionitajia. Hizo zingine ni za ule mko nao."

Ijumaa walifika Homa Bay kwa pikapu ya mchuuzi wa samaki. Saa nne, Rispa alichomeka mita yake kwenye soketi ya hospitali. Ilisoma volti 194. Chini ya mlima, mashine ya kusaga unga ilikuwa ikinguruma kwenye laini hiyohiyo, ikishusha volti.

"Omera," Rispa alisema, "ndugu yangu, ukuta wako unadanganya."

Kwenye boliti ya kwanza, betri zilipokea ampea mbili. Kwenye ya pili, kumi na moja. Kwenye ya tatu, ishirini na nane. Rispa aligusa mabamba kwa mgongo wa mkono, akangoja nusu saa, akagusa tena. Yalikuwa vuguvugu.

Saa sita pikapu ilikuwa inarudi. "Mashine ya unga ikinyamaza, volti zitapanda," Rispa alisema akiingia ndani yake. "Hapo boliti ya tatu itakuchemshia betri. Mita nakuachia. Usiisome mara moja ukaenda kula."

Ombui hakwenda kula. Aliketi kwenye debe, macho kwenye mita. Saa saba na dakika tatu mngurumo ulikatika, na mita ikapanda hadi 228. Ampea zikaruka hadi hamsini. Alizima swichi, akahamisha waya kwenye boliti ya kwanza, akawasha. Ishirini na mbili. Saa nane mashine iliporudi kunguruma, alirudisha waya kwenye ya tatu.

Saa kumi na dakika ishirini kipimo cha asidi kilionyesha 1.22 katika betri zote isipokuwa ya nne, iliyosoma 1.21. Aliandika hiyo pia.

Saa kumi na dakika arobaini walimlaza kwenye kigari msichana aitwaye Mourine, aliyepasuliwa kidole tumbo. Metroni alitembea kando, akitazama saa yake. Kigari kilipanda mlima wote kwa dakika tatu na sekunde kumi bila kusimama.

Saa kumi na moja kasoro dakika kumi, Mourine alihamishiwa kitandani. Metroni alifunua shuka, akakagua bandeji. Ilikuwa kavu.