Sifuri Koma Ishirini na Tano

Jumanne, kipindi cha tatu, Mwalimu Yublina Tefa aliandika ubaoni 0,5 na 0,25, akauliza ipi kubwa. Darasa la nne zima, pamoja na binti yake Meriana, lilijibu kwamba ni ya pili. Kijijini kwao, vilimani Timor, hiyo husomwa "sifuri koma ishirini na tano", na ishirini na tano ni nyingi kuliko tano.

Saa hiyohiyo wazazi walikuwa katika ofisi ya kijiji wakiweka dole gumba kwenye karatasi. Mahindi yalikuwa yamekauka kwa mwaka wa pili. Mchele wa msaada, kilo 0,5 kwa mtoto kwa siku, sasa ungekuwa 0,25. Yublina aliposikia, aliacha chaki akakimbia.

"Msiweke! Wanawapunguzia nusu nzima!"

"Kaa kwanza, Mwalimu, utafune tambuu," alisema Bapak Soleman, mkuu wa kijiji. "Jana tano, leo ishirini na tano. Ugomvi uko wapi?"

"Ile ni tano za kumi, Bapak. Hii ni mbili za kumi, na tano za mia."

"Si mnamsikia? Mpaka mia zimo," alidakia mama mmoja, na watu wakacheka.

Kesho yake watoto waliamka nusu nusu. Meriana alibaki upande wa kulia: jicho moja, mkono mmoja, mguu mmoja wa kurukia. Yublina alimvisha sare, akakunja upande uliokuwa mtupu na kuubana kwa pini, huku akilia. Shuleni walikaa wawili kwenye nafasi ya mmoja, na madawati yaliyozidi yakatolewa nje. Alipouliza tena ipi kubwa, wote walijibu sawasawa: ya kwanza.

Alimbeba Meriana hadi ofisini, akamsimamisha juu ya meza.

"Bapak, hesabu macho."

"Moja."

"Na juzi?"

"Mawili." Bapak Soleman alifikiri. "Lakini sasa tumbo nalo ni nusu, Mwalimu. Mchele utamtosha."

Yublina alimbeba Meriana akaondoka. Alizunguka nyumba kwa nyumba wiki tatu na mfuko wa mahindi, akizigawa punje mikekani kuonyesha ipi kubwa. Walimkaribisha, wakamsikiliza, wakazipika zile punje.

Mwezi uliofuata ilikuja karatasi nyingine. Walimwomba aisome yeye, maana ana sauti nzuri.

"Sifuri koma moja, mbili, tano," alisoma, tarakimu mojamoja.

"Mwalimu naye, anatubania," alisema yule mama. "Hiyo ni mia moja ishirini na tano." Walipiga makofi, kisha wakapanga foleni ya dole gumba.

Jioni Yublina alitandika sare ya Meriana mezani, akaikunja katikati, akachukua mkasi.

"Mama, kesho jicho litabaki?"

"Sijui, mwanangu. Simama hapa nikupime."