Kiuno cha Gauni la Bluu

Watu huoneana wivu kwa mume, kwa nyumba, hata kwa nywele. Mkasi alimwonea mdogo wake wivu kwa kongosho.

Usicheke. Ugonjwa waliurithi kwa baba yao, dada wote wawili, mafundi wa chumba kimoja cha kushonea: Mkasi anakata, mdogo anashona. Mkasi ndiye aliyeanza kuumwa. Alipopasuliwa akakutwa na uvimbe wa kujaza kiganja, na umeshatambaa hadi kwenye tezi za jirani. “Tumetoa tulichokiona,” daktari alimwambia, “ila wa namna hii hupenda kurudi.” Kwa kuwa ugonjwa ni wa kurithi, mdogo naye akapimwa. Kakaonekana kavimbe kama punje ya mahindi, kakatolewa, tezi safi. Akaambiwa awe anakuja kupigwa picha kila mwaka, basi.

“Niugue mimi, apone yeye!” Mkasi alisema mbele ya wateja, wala haoni haya.

Mdogo akirudi kutoka hospitali na majibu mazuri, Mkasi hununa wiki nzima, anakata vitambaa kana kwamba vimemtukana. Hata mwili wa mdogo ulimkera. Magauni yalimkaa sawasawa, na yake Mkasi yalimning’inia kama yametundikwa msumarini. “Wenzetu wanajua kupona,” alimchoma. Mdogo alicheka tu.

Siku hiyo mdogo alitoka kununua vifungo, akaacha gauni lake la bluu kwenye meza ya pasi. Mkasi akaamua kumpigia pasi. Wivu ni wivu, na pasi ni pasi. Akaligeuza ndani nje. Lo! Kiunoni palikuwa na mshono juu ya mshono. Gauni lilikuwa limepunguzwa, likapunguzwa tena, na uzi wa mwisho ulikuwa bado mpya. Akavuta jingine kwenye kamba. Hivyo hivyo.

Mdogo aliporudi alimkuta ameyashika yote mawili.

“Umeanza lini kukonda?”

“Kidogo tu, Dada.”

“Usinifanye mtoto, mimi ni fundi! Picha ya mwaka huu ilisemaje?”

Mdogo aliweka vifungo mezani. “Sikwenda. Hata mwaka jana sikwenda.”

“Mbona uliaga?”

“Niliaga, nikaenda kukaa sokoni. Nilichoka kukuletea habari njema, Dada.”

Aibu ilimpanda Mkasi mpaka masikioni. Akazima pasi.

“Vaa viatu.”

“Na nguo za watu?”

“Watu wana nguo nyingine. Twende, na nikinuna safari hii, nichome sindano.”

Kwenye benchi la hospitali hakumwachia mkono. Mdogo alipoitwa ndani, Mkasi aliinama akaomba jambo ambalo hajawahi kuliomba: mdogo wake atoke na majibu mazuri, naye amwonee wivu mpaka uzeeni.