Fundo la Madam de Corvignac

Generosa, mhudumu wa wagonjwa majumbani, alikwisha kuogesha wazee wa kila namna, wenye adabu na wasio nayo, lakini Madam de Corvignac alimshinda tabia. Mama huyu wa Kifaransa, wa ukoo wa makabaila, aliishi katika mtaa wa matajiri wa Kensington, nyumba ya ghorofa nne, na kila Alhamisi aliwaalika wanawake kumi na wawili chakula cha mchana. Walikula kidogo, wakatazama sana. Madam akivaa viatu bapa, wiki inayofuata hakuna aliyekuja na visigino. Akinyoa nyusi, nao wamenyoa. Magazeti ya mitindo yakaburutwa nyuma yao kama mkia.

Mwezi wa Machi Madam alianguka bafuni, akavunjika kiwiko. Hospitali ikampa kitambaa cha buluu cha kuning'iniza mkono; akakitupa, akisema kinamfanya afanane na mchezaji wa mpira. Generosa alikuwa anaogopa kukosa basi la kwenda Edmonton, kwa mgonjwa wake mwingine. Akachomoa skafu ya hariri kabatini, akamfunga mkono haraka haraka, fundo kubwa begani, akaondoka.

Alhamisi ile wageni walilitazama fundo kuliko chakula. Wiki ya pili wanne walikuja mikono imening'inia kwenye hariri. Wiki ya tatu wote, na hapakuwa na aliyevunjika hata ukucha. Mmoja wao, mke wa tajiri wa benki, alimwomba Generosa amkatie nyama.

Generosa akamkatia. Moyoni alikuwa anamwona mzee Albert wa Edmonton, Mkongo aliyepooza upande mmoja, ambaye kwa miezi mitatu alikuwa akipigana na kijiko na hakutaka kulishwa na mtu. Akamwekea yule mama sahani mbele, akaona kinyaa kama aliyeshika kitu kilichooza.

Wiki ya sita akaja Sunil, mtaalamu wa mazoezi ya viungo. Akapima, akasema mfupa umeunga. Skafu ivuliwe leo na mkono uanze kunyooshwa. Madam akamjibu kwamba wapiga picha wa gazeti wanakuja mwezi ujao, arudi baada ya hapo. Sunil alipotoka, Generosa alijaribu.

"Madam, mkono utakakamaa."

"Wewe unajua kuogesha," Madam alisema. "Mimi najua kuvaa."

Basi vaa, Generosa akawaza, na hakulirudia tena jambo hilo.

Picha zikatoka. Madam aliliambia gazeti kwamba fundo lile amelirithi kwa bibi yake. Generosa aliyasoma hayo ndani ya treni akirudi nyumbani kwake Walthamstow, wala hayakumuuma. Nani angetaka jina lake litajwe kwenye upuuzi ule?

Juni skafu ikavuliwa. Kiwiko kikagoma kunyooka, kikagoma na kukunjika. Mkono haukufika kichwani wala mdomoni. Wanawake walikuwa wameshapata mwenyeji mwingine huko Chelsea, aliyewavalisha makoti ya mvua ndani ya nyumba. Alhamisi wakaja watano, kisha wawili, kisha simu za kuomba radhi.

Meza ikabaki na watu wawili. Generosa alikaa na bakuli la supu, akamlisha, kwa sababu ndiyo kazi. Madam alimeza, akaikagua sare ya kazi ya Generosa kuanzia kola hadi mfukoni, akamwambia rangi ile inamzeesha.

"Fungua mdomo, Madam," Generosa alisema.