Mtu Hapandi Kwenye Vyuma

Zéphyrin Nkulu aliendesha foklifti, mashine ya kuinulia mizigo, miaka kumi na mitatu katika depo ya unga kule Kalemie, Kongo, na hakuna aliyewahi kumfundisha. Alikabidhiwa ufunguo tu, basi. Vita vilipomvusha Ziwa Mweru hadi Zambia, alikuja peke yake. Ghala moja la mahindi la Nchelenge liliponunua foklifti, alijiandikisha akidhani ataanza kazi siku ileile.

"Bila cheti, hakuna mtu anakaa kwenye kiti," alisema Olipa, mwalimu wa mafunzo. "Siku tano, halafu mtihani."

Walikuwa wanne. Watatu walikuwa Wabemba wa palepale, na mchana walikula nshima, ugali wa huko, pamoja wakicheka. Zéphyrin alikula pembeni, juu ya paleti tupu, ile fremu ya mbao ya kupangia magunia. Olipa peke yake ndiye aliyemsemesha, kwa Kiswahili alichokiokota akiuziana samaki na Wakongo kule Mununga.

Mambo mengi mikono yake iliyajua tayari: kukagua matairi na minyororo kabla ya kuwasha, kwenda kinyumenyume mzigo ukikuziba macho, kupiga honi kwenye kona. Siku ya nne Olipa aligonga kwa kalamu vile vyuma viwili vya mbele vinavyobeba mzigo.

"Hapa hapandi mtu. Hata dakika moja."

"Hata kubadilisha taa ya darini?" aliuliza Saviour, mmoja wa wale watatu.

"Hata taa."

Zéphyrin akasimama. "Mama, hii sheria ni ya lini?"

"Ya zamani sana, ba Zéphyrin. Iko kwenye kila kitabu cha mashine hii. Kwa nini?"

Hakuwa amepanga kusema. "Nilipandishaka mutu. Hugues, rafiki yangu. Gunia lilikwama juu, patron, bosi wetu, akasema mupandishe. Alisimama kwenye paleti juu ya vyuma, akateleza, akaanguka, akakufa. Mimi nilikuwa ninaona ni bahati mbaya tu."

Olipa akawafasiria wengine kwa Kibemba, polepole. Hakuna aliyecheka. Mchana ule Saviour alisogea kumpisha nafasi kwenye sahani, lakini Zéphyrin hakuweza kula. Alitembea hadi ziwani, akaketi kati ya mitumbwi iliyopinduliwa mpaka muda wa somo ukafika.

Mtihani alifaulu. Jumamosi, cheti kikiwa mfukoni, alimpigia simu Brigitte, mjane wa Hugues. Hawakuwa wamezungumza tangu mazishi.

"Brigitte, ni Zéphyrin. Ile siku, haikukuwa bahati mbaya. Ilikuwa inakatazwa. Mimi sikujua, lakini ilikuwa inakatazwa."

Upande wa pili alisikia kuku, na mtu akitwanga.

"Nilikuwa ninamushitaki Mungu," Brigitte alisema mwishowe. "Miaka tisa. Usinipigie tena, Zéphyrin. Lakini umefanya muzuri kusema."

Simu ikakatika.

Jumatatu alifunga mkanda, akawasha mashine, akaanza kupanga magunia. Alifanya kazi hadi saa sita mchana.