Pateni ya Bure

Kola zilimjia kwa mafungu, naye akazirudisha kwa mafungu. Kunja, pitisha chini ya sindano, kata uzi, tupa kapuni. Kiwandani hakuna aliyemwita kwa jina lake. Yeye alikuwa Kola, kama vile jirani yake wa kushoto alivyokuwa Mikono na wa kulia Kiuno, na yule mama mnene wa mwisho wa safu, Zipu. Kila mmoja alishona kipande chake kilekile tangu siku aliyoajiriwa. Kola aliajiriwa binti yake akiwa bado anabebwa mgongoni, na sasa binti huyo alikuwa mtu mzima wa kutafuta kazi.

Na kazi ilikuwa imepatikana. Hoteli moja ilikubali kumchukua mapokezi kuanzia Jumatatu, kwa sharti aje na gauni lake mwenyewe la bluu iliyokoza, lenye kola na mikono mirefu. Asiye nalo asijisumbue, waliambiwa, maana nyuma yake kuna foleni. Magauni ya dukani yalikuwa hayashikiki. Fundi wa mtaani alitaja bei huku akitazama pembeni, anajua mteja anaondoka. Kola akanunua kitambaa tu, akaazima cherehani kwa jirani, na hapo ndipo aibu ilipomshika: hakuwahi kukata gauni maishani mwake.

Binti ndiye aliyetafuta pateni kwenye simu, zile karatasi za kukatia nguo. Nyingi ziliandikwa bure, lakini ukibonyeza unaombwa namba ya kadi ya benki. Nyingine zilikuwa bure kwa mkono mmoja, gauni zima ulipie. Bando lilikuwa ukingoni alipoipata ya bure kwelikweli, imewekwa na mwanamke wa nchi ya mbali aliyeandika kwamba yeyote aitumie apendavyo. Kola alimwombea dua mwanamke huyo asiyemjua. Kule steshenari wakaichapisha ndogo. Kile kisanduku cha kupimia kilichochorwa pembeni hakikulingana na rula, ikabidi irudiwe. Mwenye duka akalipisha zote mbili, akisema wino hauulizi kosa ni la nani. Pesa ya wiki ikaishia hapo.

Jumamosi Kola akaingia kiwandani na zile karatasi, zimeungwa kwa selotepu na kukunjwa chini ya bakuli la chakula. Mishale na nukta zake zilikuwa zimemshinda. Alijipa moyo kwamba Mikono atajua mkono unavyoingia, na Kiuno atajua kiuno.

Wakati wa mapumziko walizitandaza sakafuni, nyuma ya marobota. Mikono alieleza kwamba kichwa cha mkono, pale unapoungwa begani, huwa kipana kidogo kuliko tundu lake, sharti ukibembeleze kwa uzi. Kiuno akaonyesha pa kuachia nafasi ya mtu kukaa. Zipu alipiga magoti kwa taabu, akasema ameshona zipu za kutosha kuvalisha mji mzima, ila hajawahi kuona inakoishia. Walibishana, wakasahihishana, na taratibu gauni likaanza kuonekana pale sakafuni.

"Jamani," Kiuno akasema, "kumbe sisi tukikaa pamoja ni fundi mmoja."

Walicheka sana, na kicheko ndicho kilichomleta msimamizi. Walimwita Bwana Dakika, kwa sababu alimpimia mtu muda hata wa kwenda chooni. Aliokota kipande kimoja, akakiinua kwenye taa.

"Za nani hizi?"

Mikono akatazama viatu vyake. Kiuno akakumbuka kwamba ana kiu. Kola hakuwalaumu palepale. Aliwalaumu baadaye, njiani, mmoja mmoja.

"Zangu, bosi. Nimezitoa kwenye simu, ni za bure."

Bwana Dakika akasema bado hajaona kitu cha bure kikiwafikia watu wa safu ile. Akamwita mkataji mkuu wa kiwanda athibitishe. Mzee yule akazipima, akazigeuza, akasema si za kwao, za kwao hazijachorwa vizuri hivi. Kola akashusha pumzi. Bwana Dakika akawaza kidogo, kisha akaagiza muhuri uletwe. Akazigonga kipande kwa kipande, mbele, nyuma, mikono, hata kola: MALI YA KIWANDA. Alipomaliza akazikunja, akazitia kwapani, akampa Kola karatasi ya onyo la mwisho, kwamba amekutwa na mali ya kiwanda bila idhini.

"Lakini bosi, umegonga sasa hivi. Mbele ya macho yangu."

"Basi umeshuhudia," akasema. "Saini hapo."

Akasaini. Njia nzima ya kurudi nyumbani aliuchukia mkono wake ule.

Binti alikuwa amekwisha kupiga kitambaa pasi na kusogeza kitanda ukutani ili wapate nafasi. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kama hawawezi kuichapisha tena. Steshenari ilikuwa imefungwa mpaka Jumatatu, na hata ingekuwa wazi, wangelipa kwa nini?

"Lakini mama, wewe ni fundi. Umeshona miaka yote hii."

"Nimeshona kola, mwanangu."

 Kitambaa kilikuwa kizuri, kizito, hakina hata alama.

"Kiwandani kwenu si wanaajiri?" binti akasema polepole. "Kule hawaulizi gauni. Aproni unapewa."

 Mama akakitandaza kitambaa sakafuni, kimekunjwa mara mbili.

"Lala hapa. Nyoosha mikono."

Akachukua kipande cha sabuni kikavu, akapiga magoti, akaanza kumchora kuanzia shingoni. Alijua fika kwamba gauni halikatwi hivyo. Mtu ana kifua, ana mgongo, anainama, anakaa kwenye kiti siku nzima akiwatabasamia wageni. Alijaribu kukumbuka Kiuno alisema uache vidole vingapi, asikumbuke, akaacha vitatu. Mstari ukayumba ubavuni.

"Mama, unanitekenya."

"Usicheke. Ukicheka utaniharibia kipimo."

Binti akabana pumzi. Mama akafuta kwa kidole pale palipoyumba, akachora upya, akashika mkasi.