Ngatia Ameuliza

"Baba Nduta, ng'ombe analia," Murugi aliita kutoka jikoni.

"Nimemsikia," Ngatia akajibu, wala hakutikisika pale kitini.

Kweli alikuwa amemsikia. Hilo ndilo lililomkera Murugi na kumtia huruma kwa pamoja. Kabla ya kuanguka na pikipiki, mumewe hakujua kukaa kitako. Kijiji kizima cha Endarasha alikikemea, "Mwenda bure si mkaa bure!" hata padri hakusazwa. Sasa angeshinda na njaa mbele ya sahani iliyojaa mpaka mtu amtie kijiko mkononi. Akishaanzishwa, alikula hadi mwisho, tena kwa raha.

"Mikono ni mizima na akili iko," daktari wa Nyeri alikuwa amemweleza Murugi. "Kilichoumia ni ile sehemu ya ubongo inayomwambia mtu aanze. Si uvivu, mama."

Mugo, kaka mkubwa wa Ngatia, hakutaka kusikia hayo. Leo alikuja na pikapu kumchukua.

"Ati ubongo! Huyu ameharibiwa na kubembelezwa. Kwangu Kagio atashika jembe, apende asipende. Mama Nduta, wewe umechoka, sema tu."

Alikuwa amechoka, tena sana. Alimpenda mumewe, lakini kuishi na mtu wa kujibu tu kulimwacha mpweke kuliko mjane.

"Ngoja nikamue kwanza, halafu nitafunga nguo zake," alisema.

Alimwongoza Ngatia hadi zizini, akamkalisha kwenye kigoda. Kila asubuhi alimshika mkono, akauweka kwenye chuchu, naye akakamua hadi ndoo ikajaa. Leo hakumshika. Alikamua mwenyewe, Mugo akiwa mlangoni na funguo za gari. Machozi yalimtoka, akayaacha.

"Mama Nduta, uko na baridi?"

Mikono ya Murugi ikasimama. Sauti ilikuwa ya Ngatia, na hakuna aliyekuwa amemsemesha. Na katika ndoa yao yote, hata enzi za makelele yake, swali kama hilo hakuwahi kuliuliza.

Murugi alikuwa amevaa sweta mbili, na jasho lilimtiririka mgongoni.

"Niko na baridi sana," alisema.

Mugo akafungua mdomo. Murugi akamwinulia mkono anyamaze. Ngatia aliinamia koti lake, akakishika kifungo cha juu, akaanza kukitoa kwenye tundu lake, polepole.