Mke Asiyeweka Beseni Chini

Wifi yangu Sólrún alipewa hadi Jumatatu kujibu barua. Niliiona mezani kwake nikaisoma, sioni aibu kulisema. Nyumba ya wagonjwa ya mjini ilikuwa na nafasi kwa mumewe, kaka yangu Eyvindur, aliyepooza kuanzia shingoni tangu trekta lilipomwangukia miaka sita iliyopita. Sólrún akikubali, kaka anaondoka na yeye anabaki huru. Sikutaka. Kijiji kingesema ukoo wetu umemtupa mtu wake, na mimi, dada yake wa pekee, ndiye ningenyooshewa kidole. Nimwuguze mwenyewe? Thubutu!

Katika karamu yetu ya katikati ya baridi, watu wakishakula vyakula vya jadi, papa aliyevunda na kende za kondoo zilizochachushwa, kamati hupanda jukwaani kuwasuta wanakijiji kwa mchezo wa kuigiza. Ukisutwa, unacheka. Ukinuna, utachekwa mpaka mwakani. Mwaka ule karamu iliangukia siku mbili kabla ya Jumatatu ile, na mchezo niliuandika mimi, Dýrleif.

Nilichukua hadithi ambayo kwetu hata mtoto anaijua. Loki, mungu mkorofi wa kale, amefungwa pangoni kwa makosa yake, nyoka anamdondoshea sumu usoni, na mkewe Sigyn amekaa kando akiikinga kwa bakuli. Loki wangu nilimlaza kwenye kitanda cha mgonjwa. Nyoka alikuwa mpira wa dripu. Sigyn nilimvika sweta ya kijani yenye kiraka kwenye kiwiko, kama ya Sólrún, nikampa beseni la plastiki.

"Sólrún huyo!" alipiga kelele mzee Brandur, jirani yao. "Hata mwendo ni wake!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Sólrún naye akacheka, kama inavyotakiwa.

Ndipo akaingia tarishi na barua. "Mama, weka beseni chini, twende mjini tukacheze dansi!"

Sigyn akawageukia watu. "Jamani, niliweke?"

Kisha mwanamke mmoja nyuma akasema, "Usiliweke!" Wakadakia wengine, mwisho ukumbi mzima ukawa unapiga meza, "Usiliweke! Usiliweke!" Watu wakasimama, wakampigia makofi, si yule wa jukwaani, bali Sólrún. Wanawake wakambusu. "Mke ni wewe, sisi tumeolewa tu," alisema mmoja, machozi yakimtoka. Mimi nilikuwa nimeshiba raha.

Sólrún alinifuata kwenye chumba cha kutundikia makoti.

"Uliisoma barua yangu."

"Barua gani tena, wifi?"

"Una roho mbaya, Dýrleif."

"Makubwa! Nimekusifu mbele ya kijiji kizima, malipo yake ndiyo matusi?"

Brandur alikuwa anakuja na glasi mbili kumpongeza.

Jumatatu alipiga simu mjini akaikataa nafasi. Jumanne nikaoka keki, nikaenda kwao. Sólrún alinifungulia mlango, akarudi jikoni kuosha vyombo bila kunisalimu. Nilikaa kitandani kwa kaka yangu nikamsimulia yote, jinsi watu walivyopiga meza, jinsi walivyosimama. Alinisikiliza hadi mwisho akitazama dari.

"Ile nafasi niliiomba mimi," alisema.

"Wewe?"

"Miaka mitatu nambembeleza aniandikie maombi. Analia, hataki. Juzijuzi ndiyo akakubali. Akaanza hata kuimba humu ndani, Dýrleif. Mara ya mwisho kumsikia akiimba ilikuwa kabla trekta halijaniangukia."

"Basi apige tena simu."

"Wameshampa mtu mwingine. Na hata kama wasingempa, Sólrún hataki tena kusikia. Anasema hawezi kupita dukani watu wakimtazama." Akanigeuzia macho. "Uliwauliza watu wote ukumbini. Mimi mbona hukuniuliza?"

Nilikata keki, nikampelekea kipande mdomoni kwa kijiko. Akafumba mdomo. Nikasubiri, nikamwita jina lake la utotoni, nikasubiri tena. Hakuufumbua.